Namba Mbili kwenye Parabrizi

Lori likikurushia jiwe kwenye barabara ya Bunia–Mahagi na parabrizi ikapasuka, utafanya kama kila mtu: utatafuta nyingine inayoingia. Kama gari lako ni mojawapo ya zile Toyota Prius za kizazi cha 2009 zinazoonyesha mwendo kwenye kioo, utashangaa kuona 40 mbili, moja ikiwa kivuli cha mwenzake. Fundi atafungua dashibodi bure. Kasoro iko kwenye kioo kipya.

Katika magari hayo, taa iliyofichwa chini ya dashibodi hupiga mwanga juu, parabrizi ikaurudisha machoni, nawe ukaiona namba kana kwamba inaelea mbele ya boneti. Faida si ndogo: kwa kilomita 60 kwa saa, kuinamisha macho sekunde moja ni kwenda karibu mita 17 bila kuona njia. Lakini parabrizi ni vioo viwili vilivyobana utando wa plastiki, na uso wa ndani na wa nje kila mmoja hurudisha mwanga wake. Kwa hiyo kiwandani utando huo hufanywa mnene kidogo upande wa juu, ili taswira mbili zilaliane. Kioo cha kawaida hakina hesabu hiyo. (Na ukivaa miwani ya jua ya polaroidi, huenda usione namba hata moja.)

Hologramu, aliyoibuni Dennis Gabor mwaka 1947, inapita njia nyingine. Utando mwembamba uliochorwa kwa leza huwekwa ndani ya parabrizi. Kwa rangi chache zilizochaguliwa, zikija kwa pembe iliyopangwa, utando huo ni kioo cha kujitazamia; mwanga mwingine wote hupita. Hivyo taswira inaweza kuwa pana, mshale ukalazwa juu ya barabara yenyewe, bila sanduku kubwa la vioo chini ya dashibodi.

Navutiwa na utando huo, lakini mshale huchorwa kwa kile kamera inachokiona: mistari ya rangi, alama, gari la mbele. Kamera iliyojaa vumbi jekundu, kwenye njia isiyo na mstari, pikipiki zikipita kushoto na kulia, itachora nini?

Tena magari mengi hutufikia kupitia Uganda, usukani kulia, nasi Congo tunashika kulia. Dereva ameketi upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori, hakuna mwanga kwenye kioo unaomwonyesha kilicho mbele ya lori hilo; abiria wa kushoto ndiye anayechungulia na kusema, "Pita!"