Kabla Mashine Haijanguruma: Kazi ya Kiongozi wa Watafiti wa Ardhi

Mnaijua siku lori la kuchimbia kisima linapoingia kijijini. Watoto wanalikimbilia, akina mama wanapiga vigelegele, chifu anakuja, mweka hazina anakumbatia kitabu chake. Pesa ambazo kikundi kimechanga kwa miaka sasa zimo ndani ya ile kelele. Maji yakitoka, sote ni ndugu. Yasipotoka, au yakitoka ya chumvi, maneno yanaanza: nani alichagua mahali hapa?

Swali ni zuri, ila limechelewa. Lilitakiwa kuulizwa kabla mashine haijanguruma, na mtu wa kuulizwa ni yule anayeongoza watafiti wa ardhi. Vikundi vingi humwona mara moja tu, amevaa buti na kofia, kisha anaondoka na gari. Wacha leo tumfahamu: anafanya nini, mjulie wapi kama ni kiongozi wa kweli, na mtoto wenu anaweza kufika vipi pale alipo.

Ni kazi gani hii?

Mwanajiolojia ni mtu aliyesomea ardhi: miamba, udongo, na vyote vilivyo chini yake. Wengine hutafuta maji. Wengine hutafuta madini. Wengine huchunguza mahali pa kujenga mabwawa na barabara, au milima inayoweza kuporomoka mvua ikizidi. Wengine hutafuta mvuke wa kuzalisha umeme, kama kule Olkaria karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1981.

Kijana akianza kazi, hutumwa porini kupima na kuandika. Akiisha kukomaa, anaambiwa aongoze wenzake. Hapo kazi inageuka. Mawe ni yale yale, lakini sasa amekabidhiwa watu, pesa na siku zilizohesabiwa. Wako mabingwa wa mawe ambao hushindwa hapa, kwa sababu jiwe halichoki, halikasiriki wala halidai mshahara.

Kundi lina nani?

Tuchukue kisima cha kijiji. Yuko mwanajiolojia wa maji anayeongoza. Wako wapimaji wanaobeba nyaya na vyombo. Wako wachimbaji na msimamizi wao. Yuko mtu wa maabara atakayepima maji. Yuko dereva na mpishi, na msiwadharau hao, maana watu wenye njaa hawaandiki vipimo vizuri.

Halafu mko nyinyi. Kiongozi mwerevu anajua kwamba mama anayechota maji kila siku ana habari ambazo chombo hakina. Anajua kisima cha nani hukauka Januari, na kijito gani kina chumvi. Mzee anakumbuka mahali palipochimbwa zamani pakatoka vumbi. Kiongozi anayefika na kupima bila kumuuliza mtu yeyote ameacha nusu ya kazi.

Je, na yule mtu wa kutembea na kijiti? Vikundi vingi humwita, na wengine hudai hakosei. Ukweli ni kwamba katika majaribio yaliyofanywa kwa makini, kijiti hakijaonyesha kwamba kinashinda kubahatisha. Kiongozi mzuri hamcheki mtu kwa hilo. Anakaa chini na kueleza yeye mwenyewe anapima nini.

Kipimo kimoja hakitoshi

Basi anapima nini? Njia inayotumika sana ni ya umeme. Vigingi vinne vya chuma vinapigwa ardhini kwa mstari. Umeme kidogo unapitishwa katika viwili, na vile vingine viwili vinaonyesha jinsi ardhi inavyoupokea. Vigingi vya nje vikisogezwa mbali zaidi, kipimo kinaona chini zaidi. Mwamba mkavu na mgumu hukataza umeme kupita. Mwamba uliopasuka na kujaa maji huupitisha.

Lakini hapa pana mtego. Udongo wa mfinyanzi pia hupitisha umeme, na maji ya chumvi hupitisha kabisa. Kwa hivyo chombo kinaweza kusema "hapa ni pazuri" kumbe ni matope au magadi. Ndiyo maana kiongozi hulinganisha: anasoma kumbukumbu za visima vya jirani, anatazama mawe yaliyo juu, anapima sehemu kadhaa, na anawauliza nyinyi.

Mashine ikilia, nani anasema basi?

Tuseme ripoti ilisema maji yatapatikana kati ya mita 90 na 120. Mmefika mita 120 na bado ni vumbi tupu. Kila mita ina bei yake. Wachimbaji wanasema twende tu, maana wanalipwa kwa mita. Mwenyekiti anasema twende, maana anaogopa aibu. Mweka hazina ananyamaza.

Kiongozi anapiga magoti na kuangalia vipande vya mwamba vilivyopangwa chini kwa mistari, kila fungu na kina chake. Kama anaona mwamba unabadilika, una rangi ya kutu na dalili za nyufa, pengine mita 20 zaidi zina maana. Kama anaona ule mwamba mgumu mzima unaendelea, inampasa aseme: "Tusimame. Pesa zilizobaki zitatusaidia mahali pengine." Maneno hayo ni magumu kuyasema mbele ya umati uliokuja kusherehekea. Hata hivyo ndiyo kazi yenyewe, na zile sifa nyingine zote zinakuja nyuma.

Hata maji yakitoka, kazi haijaisha. Kisima hupampiwa kwa saa nyingi, mara nyingi mchana na usiku, ili ijulikane kinaweza kutoa kiasi gani bila kukauka. Maji hupelekwa maabara. Katika Bonde la Ufa hasa, maji mengi ya chini yana madini ya floraidi kutokana na miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huingia madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huumia. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kuwa nzito zaidi.

Habari njema zikitangulia

Mwezi wa Septemba 1993 hatukuwa na habari kama ile iliyokuja Septemba 2013, wakati serikali na UNESCO zilipotangaza kwamba maji mengi mno yamegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana. Yalitafutwa kwa picha za setilaiti, na Lotikipi ndiyo iliyotajwa zaidi. Watu walifurahi, na nani asingefurahi? Lakini yalipopimwa zaidi, maji ya Lotikipi yalionekana kuwa na chumvi nyingi. Upande wa Lodwar visima vimesaidia watu. Somo ni kwamba picha kutoka juu huonyesha mahali pa kutafuta, nacho kisima na maabara ndivyo hutoa jibu. Kiongozi anatakiwa kutenganisha maneno matatu: "tumeona dalili," "tumechimba," na "tumepima."

Mchungaji wa mbuzi aliyeongoza kundi

Msidhani uongozi huu ni wa watu waliozaliwa mjini. Huko huko Turkana alifanya kazi mtu mmoja wa kwetu, marehemu Kamoya Kimeu. Alizaliwa Ukambani, akachunga mifugo, akasoma shule ya msingi tu. Mwaka wa 1960 alianza kazi ya kuchimba na akina Leakey kule Olduvai, Tanzania. Alijifunza kwa macho na kwa subira, mpaka akawa kiongozi wa kundi la Wakenya waliotafuta mifupa ya kale iliyogeuka mawe.

Mwezi wa Agosti 1984, siku ambayo wenzake walikuwa wakipumzika, alitembea karibu na kambi ya Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake sawa na kokoto. Wengine wangekikanyaga. Kundi lilichimba na kuchekecha udongo kwa misimu kadhaa, hadi 1988, likapata karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwanajiolojia Frank Brown na wenzake ndio waliosoma matabaka ya majivu ya volkeno na kukadiria umri huo. Mmoja aliona, wengine walichimba, mwingine akasoma ardhi. Bila mmoja wao, habari ingekuwa pungufu.

Kimeu alipewa nishani huko Marekani mwaka wa 1985, na Rais Reagan ndiye aliyemkabidhi. Alifariki mwaka wa 2022.

Kijana afuate njia gani?

Siku hizi ni vigumu kuongoza bila vyeti. Anayetaka kazi hii akazane na hesabu, fizikia, kemia na jiografia katika shule ya sekondari. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha jiolojia kwa digrii ya miaka minne. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina mafunzo ya nishati ya mvuke. Aliyekosa alama za chuo kikuu asikate tamaa: Kenya Water Institute hutoa cheti na diploma za kazi za maji, na wako waliopanda kutoka huko.

Tangu 1993 Kenya ina sheria ya kusajili wanajiolojia. Kwa hivyo kijana akimaliza masomo, afanye kazi chini ya wakubwa, kisha ajisajili. Na wakati huo huo ajifunze yale ambayo darasani hayatiliwi mkazo: kuandika bajeti, kutunza risiti, kuongoza mkutano, kueleza jambo kwa lugha ya watu. Haya yote mtoto anaweza kuyaonja katika kikundi chenu. Mpeni uandishi wa mkutano mmoja muone.

Wasichana pia wanaitwa. Kinachowarudisha nyumbani wengine ni kambi isiyo na choo cha heshima wala hema la peke yao, na hilo ni jambo la kiongozi kupanga mapema. Uwezo wanao.

Maswali ya kumuuliza mtaalamu kabla ya kulipa

1. Je, umesajiliwa na una leseni ya kazi ya maji? Tuonyeshe.
2. Umelinganisha na visima gani vya jirani?
3. Una uhakika kiasi gani, na ni jambo gani linaweza kuharibika?
4. Tukifika kina ulichosema na hakuna maji, nani ataamua kusimama? Liandikwe katika mkataba.
5. Nani atapeleka maombi ya kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, kabla ya kuchimba?
6. Bei yako imejumlisha kupampu kwa majaribio na kupima maji maabara?
7. Je, mwenye shamba ametia sahihi kwamba kisima ni cha kikundi?

Mtaalamu akikasirika kwa kuulizwa, hiyo nayo ni habari. Kiongozi wa kweli atafurahi, maana kikundi kinachouliza kabla hakitamlaumu baadaye. Someni maswali haya kwenye mkutano wenu ujao, na mwandishi ayanakili kwenye kitabu. Kuuliza si ujinga.