Tasfida isitufichie vijiwe vya kibofu

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba tasfida ni pambo la mazungumzo. Mbele ya wakubwa hasemi anakwenda kukojoa. Husema anakwenda haja ndogo, anakwenda msalani, anakwenda kujisaidia, au, akipenda msamiati wa pwani, anakwenda kutabawali. Sina ugomvi na adabu hiyo. Nami huifunza darasani. Ugomvi wangu ni na zao lake moja: mtu akiumwa sehemu hizo hukosa neno la kumwambia mzazi, mwalimu au daktari, akaishia kusema "tumbo linaniuma". Tumbo ni pana, na anayetibiwa tumbo ilhali anaugua kibofu hurudi nyumbani na dawa isiyomfaa.

Chukua mathalani vijiwe vya kibofu. Kibofu ni mfuko ulio chini ya kitovu, unaohifadhi mkojo unaoteremka kutoka kwenye figo. Mkojo huo hubeba chumvi na madini. Ukikolea mno, au ukibaki kibofuni kila mara bila kutoka wote, madini hayo huganda yakawa chembe, nazo chembe hukua tabaka juu ya tabaka. Hapa sarufi yenyewe hutuhadaa. Tumelichukua jiwe tukalitia katika hali ya udogo, na kiambishi ki- kikatutuliza mioyo, kumbe kijiwe hicho huweza kufikia ukubwa wa yai. Kile alichotolewa Mwingereza Samuel Pepys, mwandishi wa shajara mashuhuri, mnamo Machi 26, 1658, husemekana kilikaribia ukubwa wa mpira wa tenisi, na zama hizo mgonjwa alipasuliwa bila ganzi. Alipona, akaazimia kuiadhimisha siku hiyo kila mwaka. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Msomaji asichanganye mawe haya na mengine. Mawe ya nyongo hayahusiani na mkojo hata kidogo. Mawe ya figo huumbika figoni, ingawa dogo mojawapo laweza kuteremka hadi kibofuni, likasalia humo na kukua.

Dalili zake ni zile zile ambazo tasfida huzifunika: maumivu chini ya kitovu, kukojoa mara kwa mara na kwa uchungu, damu katika mkojo, na mkojo unaokatika ghafla kisha ukarudi mtu abadilishapo mkao. Katika pwani yetu na kandokando ya maziwa, damu katika mkojo huenda ikawa kichocho. Kwa hiyo kipimo hospitalini ni cha lazima, wala si jambo la kukisia.

Wanaopatwa zaidi ni wanaume waliovuka miaka 50, ambao tezi dume limevimba likaubana mrija wa mkojo, hata kibofu kisiweze kumwagika chote. Wengi husema ni uzee tu, wakanyamaza. Daktari huweza kukivunja kijiwe kwa chombo kinachopitishwa katika mrija wa mkojo, au akakitoa kwa upasuaji. Hata hivyo, kizuizi kilichokizaa kisipotibiwa, kingine huumbika.

Kwa watoto kisa ni tofauti. Katika jimbo la Norfolk, Uingereza, hospitali ya Norwich iliyoanzishwa mwaka 1771 ilipata sifa kwa kuwapasua wagonjwa wa vijiwe, wengi wao wakiwa watoto wa maskini. Maradhi hayo ya watoto yalififia Ulaya kadiri lishe ilivyoboreka. Mtoto anayelishwa nafaka pekee, bila maziwa, mayai wala nyama, hukosa fosfati ya kutosha. Na akiharisha mara kwa mara bila kurejeshewa maji mwilini, mkojo wake hukolea. Uji wa unga mtupu hushibisha, lakini ukiongezwa maziwa huwa na faida ambayo wazazi wengi hawaijui.

Sasa nije shuleni. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na vyoo havikuongezeka kwa kasi hiyo. Msichana anayekichukia choo kichafu hupata mbinu moja: hanywi maji tangu asubuhi, wala haendi haja hadi afike kwao. Siku moja ya kujizuia haizai kijiwe, na nisieleweke vibaya. Lakini mazoea ya kila siku hukaribisha maambukizi, na baadhi ya bakteria huubadilisha mkojo ukawa wa alkali, hali inayoyafanya madini kuganda upesi.

Ndiyo maana sifurahishwi na mwalimu anayemjibu mwanafunzi, "Ngoja kengele." Anayeomba ruhusa kwa heshima apewe, na chupa ya maji iruhusiwe mezani. Mkojo wa rangi hafifu ni ishara kwamba maji yanatosha. Wa rangi ya chai ya rangi ni onyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amwulize daktari kiasi chake.

Nasi walimu wa lugha, tukifunza tasfida, tufunze katika kipindi hicho hicho majina kamili: figo, kibofu, tezi dume, mrija wa mkojo. Msalani ni neno la kuombea ruhusa. Katika chumba cha daktari, mwanafunzi aseme kibofu.