Je, wajua gliserini huweza kunywa maji ya ngozi yako?

Julai ikifika, manyunyu na ukungu huifunika Runyenjes mpaka Embu mjini, huku upande wa kaskazini wa Mlima Kenya upepo ukivuma juu ya mashamba ya ngano ya Timau. Kote huko midomo hupasuka na miguu hupauka, na watu huikimbilia gliserini. Kimiminika hiki kizito kisicho na rangi kimo pia ndani ya losheni, sabuni, dawa ya meno na dawa za kikohozi, ambamo huyeyusha viambato vingine na kuhifadhi unyevu.

Ni salama? Ndiyo, tena mwili wenyewe unaifahamu. Mafuta ya mimea na wanyama, yakiwemo ya parachichi na makadamia zinazolimwa Meru na Embu, huundwa na gliserini iliyoungana na asidi tatu za mafuta. Mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliipata mwaka 1779 alipochemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi. Ngozi yetu ina vijia vya protini vya kuipitisha. Watafiti walipochunguza panya waliozaliwa bila vijia hivyo, waliwakuta na ngozi kavu. Walipowapa gliserini, unyevu ulirudi.

Molekuli yake ina mikono mitatu ya kushika maji, na hapo ndipo penye faida na hasara. Kwenye ukungu wa Runyenjes, hewa ina maji ya kutosha kuvutwa. Timau hewa ikikauka, gliserini iliyopakwa tupu huyatafuta maji chini zaidi, kwenye tabaka za ndani za ngozi, nayo yakifika juu hupeperushwa na upepo. Ndiyo maana mtu hujipaka asubuhi na jioni akabaki amepauka vilevile. Ipake ngozi ikiwa bado na maji ya kuoga, matone machache tu, kisha uifunike kwa mafuta mazito ya mgando.

Hatari yenyewe iko kwingine. Dayethilini glaikoli, kiyeyushi cha viwandani, inafanana na gliserini kwa macho na ina utamu kama wake, hivyo huweza kutiwa mahali pake, lakini huua figo. Mwaka 1937 iliua zaidi ya watu 100 Marekani, ilipotumiwa kuyeyusha dawa. Mwaka 2022 vifo vya watoto wapatao 70 nchini Gambia vilihusishwa na dawa za kikohozi zilizochafuliwa nayo na sumu ya jamii yake. Wala haidhuru kwa kunywewa pekee: Hispania, mwaka 1985, wagonjwa 5 waliokuwa wameungua moto walikufa baada ya kupakwa malhamu iliyokuwa nayo, maana ngozi iliyojeruhiwa haizuii kitu. Aprili 2024 Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya iliagiza toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto liondolewe madukani, baada ya Nigeria kutangaza kuwa imekuta sumu hiyo ndani yake.

Kwa hiyo, msomaji, usinunue gliserini iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo, hata ikiwa nusu bei. Tafuta kifuniko kisichofunguliwa, jina la mtengenezaji, nambari ya toleo, tarehe ya kuisha na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Na ile ya kujipaka, usimnyweshe mtoto anayekohoa.