Jina Moja, Maana Mbili: Mawanda ya Majina katika Lugha ya Ruby

Ukiomba mbuzi jikoni, utapewa kifaa cha kukunia nazi. Ukiomba mbuzi zizini, utaletewa mnyama. Jina ni moja, ila mahali linapotamkwa ndipo panapoamua maana. Lugha za kuandikia programu za kompyuta nazo zina kanuni ya namna hii, yaani mawanda ya majina. Makala haya yanaieleza kanuni hiyo kwa kutumia Ruby, lugha iliyobuniwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto na kutolewa hadharani mwaka 1995.

Katika Ruby, moduli ni kama nyumba ya majina, na moduli moja huweza kukaa ndani ya nyingine. Tuseme tunatengeneza kamusi ya kompyuta. Nje kabisa tumeandika LUGHA = "Kifaransa". Ndani ya moduli Kamusi tumeandika LUGHA = "Kiswahili". Sasa tunataka moduli Sarufi iwe ndani ya Kamusi, nayo ionyeshe lugha kwenye skrini. Kuna njia mbili za kuandika:

(a)
module Kamusi
  module Sarufi
    puts LUGHA
  end
end

(b)
module Kamusi::Sarufi
  puts LUGHA
end

Katika njia zote mbili moduli ni ileile, lakini majibu ni tofauti: (a) hutoa "Kiswahili", (b) hutoa "Kifaransa". Kwa nini?

Ruby hutafuta jina kwa kufuata kuta zilizoandikwa, kuanzia ndani kwenda nje. Katika (a) hupita Sarufi, kisha Kamusi, na hapo hulikuta jina. Katika (b) ukuta ulioandikwa ni mmoja tu. Kamusi imetajwa kama anwani, lakini haikufunguliwa, kwa hiyo Ruby hairuki kwake. Huenda moja kwa moja nje kabisa.

Hatari ni kwamba programu haitoi onyo lolote. Kama LUGHA ya nje isingekuwapo, programu ingesimama na kosa lingeonekana. Ikiwapo, mtumiaji wa kamusi hupewa lugha isiyo yake.

Kinga ni kufungua moduli moja baada ya nyingine kama katika (a), au kutaja jina kamili: Kamusi::LUGHA. Ukiwa na shaka, amri Module.nesting itakuorodheshea kuta zinazokuzunguka.