Kirikou bado anapendwa Ndosho: mtoto mdogo mwenye anauliza «juu ya nini?»

Siku ya Yenga jioni, kama umeme uko na mvua hainyeshi, parseli yangu ya Ndosho inajaa watoto. Hawaji kuniona mimi. Wanakuja juu ya televizyo ndogo yenye ninaweka pa dirisha, na juu ya filamu moja yenye wote wanaijua kwa moyo: Kirikou na mchawi Karaba. Mbele mama wa Kirikou afungue kinywa, watoto wameisha kusema maneno yake. Mtoto yuko bado tumboni na anaomba azaliwe. Mama anamjibu bila kushtuka kwamba mtoto mwenye anaweza kusema ndani ya tumbo anaweza kujizaa mwenyewe. Basi anatoka, anakata kitovu chake, anaoga, na anauliza papa yake iko wapi. Mama anajibu: alienda kupigana na Karaba, na Karaba alimukula. Na wajomba? Nao waliliwa, amebaki mmoja tu.

Watoto wanacheka mpaka wanaanguka. Mimi, kuna Yenga moja yenye sikucheka, na juu ya hiyo njo ninaandika leo. Lakini kwanza tuseme habari ya filamu yenyewe.

Ilitoka Ufaransa mwezi wa Desemba 1998. Mwenye aliitengeneza ni Michel Ocelot, Mfaransa mwenye aliishi Guinea wakati alikuwa mtoto. Sauti zilichukuliwa Dakar, Senegal, kwa wachezaji wa kule kule, na muziki ni wa Youssou N'Dour. Sehemu ya michoro ilifanywa Riga, katika Latvia, na Budapest, katika Hungaria. Inadumu saa moja na robo hivi. Mwaka 1999 ilipata zawadi kubwa ya Annecy, kwenye mashindano makubwa ya filamu za michoro, na kule Ufaransa watu zaidi ya milioni moja walilipa tiketi kuiangalia. Zilitoka zingine za Kirikou mwaka 2005 na 2012, lakini kwetu watoto wanaomba ile ya kwanza.

Ilileta ubishi pia. Katika kijiji cha Kirikou watoto wanatembea uchi na wamama wanaacha vifua wazi, na wauzaji wa filamu wa inchi zingine walitaka Ocelot awavalishe. Alikataa, kwani njo vile alikuwa ameona watu wanaishi Guinea. Ubishi huo ulifika mpaka kwangu. Mama mmoja wa kanisa alisimama pa mlango wa parseli na kuniambia: «Papa, zima hiyo kitu, watoto wanaangalia.» Nilimwambia: «Mama, ikala kidogo, angalia mpaka mwisho, kisha unihukumu.» Aliangalia mpaka mwisho. Yenga yenye ilifuata alirudi na kiti chake.

Mimi niliinunua kwenye CD, soko la Virunga, wakati binti yangu wa kwanza alikuwa mdogo. Aliiangalia mpaka CD ikakwaruzika, Karaba akawa anakwama kila mara pa fasi moja. Leo binti huyo ni mama, na mtoto wake anaiangalia ndani ya simu. Filamu ngapi za vita na karate zilipita katika vyumba vya video vya Goma kwa miaka hiyo yote, na ni nani anakumbuka majina yao? Kirikou alibaki. Hata jina lake liliingia katika lugha yetu: mtoto mfupi mwenye akili nyingi, watu wanamwita Kirikou tu.

Juu ya nini alibaki? Mimi ninaona sababu ya kwanza ni kwamba kijiji chake kinafanana na kwetu. Chemchemi imekauka. Sisi wa Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, maji ya mvua inaingia ndani ya mawe na kupotea, na mtoto wa Ndosho anajua uzito wa bidoni mbele ajue kuandika jina lake. Wakati wamama wa filamu wanalia juu ya maji, hakuna mtoto wa kwetu mwenye anahitaji kutafsiriwa. Tena katika kijiji hicho kuna mtu mwenye anakusanya zahabu yote, na pa nyumba yake kuna mlinzi juu ya paa mwenye anaangalia kila mtu mwenye anapita. Na wanaume karibu wote hawako. Kumebaki wamama, watoto, mjomba mmoja na mzee mmoja mwenye kelele nyingi. Angalieni avenyi zetu wakati wa kazi nyingi kule Masisi na Walikale, mutaniambia.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Kijiji kizima kinaamini Karaba njo alikausha chemchemi. Hakuna hata mmoja mwenye alienda kuangalia. Kirikou, kwa kuwa ni mdogo, anaingia ndani ya tundu la maji na anakuta nini? Mnyama. Aliingia pale wakati alikuwa mdogo, akakunywa, akanenepa, akashindwa kutoka, na sasa anakunywa maji yote. Kirikou anamtoboa na maji inarudi. Karaba hakufanya kitu. Aliacha tu watu waamini kwamba ni yeye, kwani woga wao ulimpa nguvu.

Ndugu zangu wachimbaji, hapo njo filamu ya watoto inageuka mkutano wa sendika. Mara ngapi tulisikia kwenye machimbo kwamba shimo lilianguka kwa kuwa madini ilitaka damu? Kwamba kuna mtu alileta dawa, kwamba mashetani ya mlima ilikasirika? Ninaheshimu imani ya kila mmoja. Lakini mimi nilienda kuangalia mashimo yenye yalianguka, na kila mara nilikuta wanyama wale wale: mvua ya siku tatu na watu hawakusimamisha kazi, miti ya kushikilia udongo haikuwekwa juu ya kupunguza gharama, timu ingine ilichimba chini ya timu ya kwanza bila kuwaambia. Mnyama huyo anaingia mdogo. Siku ya kwanza ni ufa mwembamba tu kwenye ukuta. Kama hakuna mwenye anashuka kuangalia, ananenepa.

Kirikou hakomei pale. Anauliza kila mtu: juu ya nini Karaba ni mubaya? Wamama wanamwambia: ni mubaya, basi. Watoto wanamcheka. Hapo anachukua kisu chenye mama yake alimpa na anachimba njia chini ya udongo, ili mlinzi wa juu ya paa asimuone, mpaka kwa babu yake mwenye anaishi ndani ya mlima uliokatazwa. Babu anamwambia ukweli. Karaba hakukula wanaume; aliwageuza kuwa vitu vya kumtii. Na ni mubaya kwa kuwa anaumwa: wanaume fulani walimshikilia kwa nguvu na kumpiga mwiba wa sumu katika mgongo. Sipendi kusema kwamba kila mubaya ana mwiba wake na tumsamehe tu. Sendika haifanyi kazi vile. Lakini mtoto mwenye anajifunza kutafuta mwiba fasi ya kurusha mawe, huyo amejifunza kitu.

Watu wanasema ni hadithi ya Afrika ya Magharibi. Ni kweli, huko njo Ocelot alianzia. Lakini wazee wa Walikale wakiiangalia wanatabasamu, kwani wanamjua huyo mtoto na jina lingine: Mwindo. Katika masimulizi ya Wanyanga, Mwindo alizaliwa akicheka, akisema na akitembea. Papa yake, chifu Shemwindo, hakutaka mtoto mwanaume. Alimrushia mkuki, alimzika, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na Mwindo aliponyoka kila mara. Wakati papa alikimbia na kuingia chini ya udongo, Mwindo alishuka kumfuata mpaka akamrudisha juu, wakapatana, wakagawana utawala. Mzee Rureke alisimulia habari hiyo mwaka 1956, siku baada ya siku, akiimba na kucheza, mbele ya Mubelgiji Daniel Biebuyck. Biebuyck na Mukongomani Kahombo Mateene waliitoa kitabu mwaka 1969. Basi miaka mingi mbele ya Kirikou, katika inchi yenye inatoa kasiterite, wazee wetu walisimulia juu ya mtoto mdogo mwenye anashuka chini ya udongo kutafuta papa yake.

Sasa nirudi pa ile Yenga.

Kati ya watoto wenye wanakuja kwangu kuna mmoja wa jirani, wakati ule alikuwa na miaka saba. Papa yake alikuwa mchimbaji, tulifanya naye kazi. Aliingia katika shimo moja wakati wa mvua na udongo ukafunga. Tuliomba shimo lifunguliwe, wenye kusimamia wakasema ni hatari, na mwili haukutoka. Mtoto hakuona sanduku wala kaburi. Sisi watu wazima wa avenyi tulimwambia papa yako safarini. Na mimi nilisema vile, kwa kinywa changu, zaidi ya mara moja. Niliona ni huruma.

Mwisho wa filamu munaujua. Kirikou anaiba zahabu ya Karaba na kuifukia, Karaba anatoka kuifukua, na Kirikou anamrukia na kuutoa mwiba kwa meno. Karaba anapona, Kirikou anakuwa mwanaume mzima. Lakini watu wa kijiji hawamwamini, mpaka wanasikia ngoma: ni wanaume wote wanarudi, wazima, pamoja na babu. Watoto wanapenda hapo sana, wanapiga bidoni pamoja na ngoma. Ile siku huyo mtoto hakupiga. Alinivuta shati na kuniuliza: «Papa, ni Karaba njo alikula papa yangu? Atarudi na ngoma?»

Nilimwambia tutasema kesho. Kesho yake mama yake alikuja kwangu mapema, na hakuikala. Aliniambia: «Papa, ile filamu yako inanifungulia kidonda. Kule wanaume wote wanarudi. Wangu hatarudi, na mtoto anaikala pa njia anasikiliza ngoma.» Nilimjibu kwamba nitaizima, sitaionyesha tena. Alitikisa kichwa. «Hapana. Si filamu njo ilimudanganya. Ni sisi.»

Ndugu msomaji, nilikaa na maneno hayo siku nzima. Mimi mtu wa sendika, mwenye ninasimama mbele ya wakubwa na kudai ukweli juu ya mashimo, nilikuwa mmoja wa wanakijiji wenye wanamjibu Kirikou ovyo ovyo ili anyamaze. Jioni tulimuikalisha mtoto katikati yetu, mama yake, mimi na bibi yangu. Tulimwambia papa yake alikufa, tulimwambia fasi gani na siku gani. Aliuliza juu ya nini. Nilimwambia: mvua, na miti haikuwekwa, na hakuna mtu alisimamisha kazi. Alilia sana. Kisha aliuliza kama miti iliwekwa sasa.

Sikuwa na jibu lenye linaweza kumfurahisha. Lakini tangu pale, kila shimo lenye ninaingia kukagua, swali hilo linatangulia mbele yangu.

Neno moja tena, na ni zito. Nimesikia kwa masikio yangu watu wazima machimboni wanaita mtoto «Kirikou» ili wamusukume ndani ya tundu lenye mtu mkubwa hapiti. Hiyo ni kumtukana Kirikou. Sheria ya migodi ya 2002, yenye ilirekebishwa 2018, inatoa karata ya mchimbaji kwa mtu mzima tu, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamulinda mtoto na kazi za namna hiyo. Kirikou alichimba kwa kuwa ni hadithi. Mtoto wako hana mchoraji wa kumtoa chini udongo ukianguka. Kazi yake ni kuuliza; kushuka na kurekebisha ni kazi yetu.

Filamu inaendelea pa dirisha langu. Yule mtoto anakuja bado, naye amekuwa mrefu. Mama yake pia anakuja, anaikala kando ya yule mama wa kanisa mwenye kiti chake. Wakati wa ngoma, mtoto anapiga bidoni kama wengine. Mara moja nilimuuliza kama haimuumizi. Aliniambia: «Inaumiza. Lakini wale wengine, papa zao bado wako kazini. Inafaa warudi.»