Tumbo Linauma, Lakini Ugonjwa Hauko Tumboni

 

Mtoto akilia tumbo, wengi wetu hukimbilia dawa ya minyoo. Mara nyingi maumivu hayo hupita. Lakini kuna magonjwa yanayojitokeza kama maumivu ya tumbo, kumbe chanzo kiko kwingine. Leo tutazame matatu.

La kwanza ni nimonia. Pafu likiugua upande wa chini, karibu na tumbo, mtoto huonyesha tumbo. Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari.

La pili ni kisukari. Ndiyo, hata watoto hukipata. Mtoto hunywa maji sana, hukojoa mara kwa mara na kukonda. Kisha tumbo huuma, hutapika na kuhema kwa nguvu. Huyo hana muda wa kungojea kesho.

La tatu ni korodani kujisokota. Mshipa unaopeleka damu hujinyonga ghafla, na mvulana kwa kuona haya husema tu, "Tumbo." Niliwahi kumpokea kijana wa miaka 13 aliyepewa dawa ya minyoo jioni na kuambiwa alale. Asubuhi nilipomuuliza faraghani ndipo akasema ukweli. Tulimpa rufaa mara moja, lakini korodani moja haikuokoka. Upasuaji ukifanywa ndani ya saa 6 hivi, mara nyingi huokoka. Kwa hivyo mama, muulize mwanao bila kumkaripia. Akikuonea haya, baba au mjomba amuulize.

Usimkande tumbo wala kumpa dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali upesi maumivu yakianza ghafla na kuzidi, akitapika kila kitu, akihema haraka, akilegea, au tumbo likiwa gumu. Ikiwa ana ugonjwa wa selimundu, usingoje hata kidogo. Ukifika, mweleze mhudumu dalili zote, hata zile zisizohusu tumbo.

Mtoto husema panapouma. Kazi yetu ni kutafuta kwa nini. Kwaheri, tukutane wiki ijayo.