Bajeti ya Nyumba Ianze Ghalani (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliitazama nyumba inayoishi kwa mshahara. Leo tumgeukie mkulima wa Mbeya na Iringa, ambaye fedha humjia kwa mkupuo ilhali matumizi humjia kila siku. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Mei. Mahindi huvunwa kuanzia Juni, na mwenye shida huyauza palepale, wakati bei iko chini kwa kuwa kila mtu anauza. Mbolea hutakiwa kabla ya mvua. Sare na madaftari hutakiwa Januari, pamoja na ujira wa vibarua wa palizi. Ndiyo maana nasema bajeti ya familia hizi ni hesabu ya magunia, na ifanywe kabla gunia la kwanza halijapanda gari.

Tuchukue nyumba iliyovuna magunia 20 ya kilo 100. Ikisonga ugali wa kilo 2 za unga kwa siku, kwa mwaka inakula kilo 730, yaani magunia 7 na ushee. Ukikoboa, pumba nazo zina sehemu yake, na wageni hawakosekani, tenga 9. Yamebaki 11. Shamba la ekari 2, kwa hesabu ambayo wengi wanaifuata, linataka mifuko 2 ya mbolea ya kupandia na 2 ya kukuzia. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 ilipunguza bei, ila wakala hatoi mfuko kwa ahadi. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu 2016, lakini viatu na nauli ni vya mzazi. Ukifika hapo utaona magunia ya kuuza kwa hiari ni machache mno kuliko mtu alivyodhani siku ya mavuno.

Kule Kilolo niliingia ghala moja lenye magunia yaliyoandikwa kwa mkaa: CHAKULA, MBOLEA, SHULE, na moja MGONJWA. Mtoto wa darasa la tatu alinionyesha la SHULE na kunieleza kwamba hata sherehe ya ubatizo haikuligusa. Aliyajua hayo kwa sababu alikuwepo walipogawa.

Mkulima wa nyanya wa Ilula hana cha kuweka ghalani. Huyo anunue mbolea ya msimu ujao siku ileile anayolipwa.

Baba kuuza peke yake na kurudi na chenji ni desturi ninayoipinga waziwazi, na sheria haimuungi mkono. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi huishia hapo wanapolisimulia shauri hili. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwani mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara alizitapanya. Mimi naisoma hukumu ile kama fundisho kwamba wote wawili watoe hesabu: mume kwa magunia aliyouza, mke kwa fedha alizokabidhiwa.

Hesabu hiyo isigeuke upelelezi. Kila mmoja awe na kiasi chake kidogo kilichokubaliwa, asichoulizwa: mume akanywe ulanzi, mke akanunue kitenge. Kisipotengwa, kitachotwa kwenye chakula.

Kuna na kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Wanawake wengi huweka hisa zao kimya, na siwalaumu. Aliyewahi kuona akiba yake ikilipa deni asilolijua hujifunza kunyamaza. Ila vikundi vingi huvunja mzunguko Desemba, fedha zikaangukia sikukuu, wakati mbolea ilitakiwa wiki kadhaa kabla. Wanakikundi wakikubaliana kugawana Oktoba, fedha hizo zikanunua mbolea, gunia la MBOLEA linaweza kubaki ghalani hadi Februari, bei ikiwa imepanda. Uamuzi huo hufanywa mwanzoni mwa mzunguko, kwenye katiba ya kikundi, na mume hawezi kuupangia shamba lake kama hajui mkewe ana hisa ngapi.

Katiba hiyo, riba yake na matakwa ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 tutavitazama wiki ijayo.